Jinsi ya Kuanza Kusoma Daftari la Safari la Kijana Guevara



Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa darasa la juu aliazima kitabu kwangu. Alikitaka kwa hamu, kwa maana alikuwa amekwisha kuiona sura ya mwandishi wake mara nyingi: kwenye fulana sokoni, kwenye vioo vya mabasi, na kwenye ukuta wa kinyozi. Baada ya siku nne akanirudishia. "Mwalimu," akasema, "sikukimaliza, wala sitakimaliza." Nikamwuliza sababu. Akafungua ukurasa mmoja karibu na mwisho, akaweka kidole juu yake, akanyamaza.

Kitabu chenyewe ni daftari la safari la Ernesto Guevara, yule ambaye dunia ilikuja kumwita Che. Ukurasa ule nitaueleza mahali pake. Kwanza yanipasa kukiri kwamba kosa halikuwa la mwanafunzi, bali langu. Nilimpa kitabu mkononi bila kumwambia jinsi ya kukianza. Somo hili basi ni kulipa deni, ili na ninyi wengine mtakaokisoma mjue njia kabla ya kuingia msituni.

1. KITABU HIKI NI CHA NAMNA GANI?

Yafaa tupambanue mambo mawili. Daftari la safari huandikwa siku ile ile, wino ungali mbichi. Mwandishi hajui kesho itakuwaje. Leo ana njaa, anaandika njaa. Leo amechekwa, anaandika kicheko. Lakini kitabu cha kumbukumbu huandikwa na mtu aliyekwisha fika mwisho wa njia. Huyo anajua yote yaliyotokea, na kila jambo dogo la ujana wake hulipa maana kubwa.

Kitabu cha Guevara kimesimama katikati. Mwaka 1952 aliandika maelezo yake njiani. Aliporudi nyumbani aliyapanga upya, akayafanya hadithi fupi fupi, kila moja na kichwa chake. Na katika ukurasa wa kwanza kabisa anamwonya msomaji: yule kijana aliyeandika maelezo haya amekwisha kufa siku aliporudi kukanyaga ardhi ya nchi yake, na anayeyapanga sasa ni mtu mwingine. Tena asema kwamba hakusudii kutusimulia matendo ya ushujaa.

Watu wengi huuruka ukurasa huo kwa sababu wana haraka ya kuiona pikipiki. Ninyi msiuruke. Ni kama mwenyeji anayekungojea mlangoni ili akuambie wapi pana shimo.

Kitabu hakikuchapishwa wakati wa uhai wake. Kilitokea katika miaka ya 1990, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Kiliandikwa kwa Kihispania. Wengi wetu tutakisoma katika tafsiri ya Kifaransa au ya Kiingereza.

2. WASAFIRI NA NJIA YAO

Ernesto Guevara alizaliwa Rosario, nchini Ajentina, mwaka 1928. Tangu utotoni alisumbuliwa na pumu, na ugonjwa huo haukumwacha maisha yake yote. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Buenos Aires, naye alikuwa karibu kumaliza masomo alipoondoka. Umri wake ulikuwa miaka 23.

Mwenzake alikuwa Alberto Granado, mwenye miaka 29, mtaalamu wa kemia ya viumbe ambaye alikuwa amekwisha kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa ukoma. Pikipiki ilikuwa ya Granado: Norton kuukuu waliyoiita Poderosa II, maana yake "Yenye Nguvu". Jina lilikuwa kubwa kuliko chombo, kama mtakavyoona.

Waliaga Buenos Aires mwanzoni mwa Januari 1952. Walikwenda kusini mwa Ajentina, wakavuka milima ya Andes kuingia Chile mwezi wa Februari, wakapanda kaskazini mpaka Peru, wakaona Cuzco na magofu ya Machu Picchu, wakafika Lima, kisha wakashuka katika mto Amazon. Kutoka huko waliingia Kolombia, na mwisho Venezuela mwezi wa Julai. Granado alibaki Venezuela kufanya kazi. Guevara alipanda ndege iliyochukua farasi wa mashindano, ikampeleka Miami, naye akarudi kwao mwisho wa Agosti. Safari nzima ilikuwa ya karibu miezi minane.

Kabla ya kuanza kusoma, tafuteni ramani ya Amerika ya Kusini, mwandike miji hiyo kwa kalamu ya risasi. Msomaji asiye na ramani ni abiria aliyelala: atafika, lakini hataeleza alipopita.

3. KANUNI YA KWANZA: USIANZIE MWISHO

Wengi hukisoma kitabu hiki kinyumenyume. Wanajua kwamba mwandishi alikutana na Fidel Castro huko Meksiko mwaka 1955. Kwamba walipigana milimani Kuba na kushinda Januari 1959. Kwamba alikuwa waziri. Na kwamba aliuawa kwa risasi katika kijiji cha La Higuera, Bolivia, tarehe 9 Oktoba 1967. Basi anayempenda hutafuta shujaa katika kila ukurasa. Anayemchukia, akikumbuka wale waliopigwa risasi katika ngome ya La Cabaña mwaka 1959 baada ya hukumu alizozisimamia Guevara, hutafuta mwuaji katika kila ukurasa. Wote wawili hawasomi. Wanapekua mizigo kama watu wa forodha.

Ukisoma kwa utaratibu, utakutana na nani? Utakutana na kijana mvivu wa kufua nguo, mwenye mzaha, asiye na fedha. Pikipiki inawaangusha mara kwa mara, nao wanaifunga kwa waya. Usiku mmoja, wakilala kwa wenyeji waliowaonya juu ya mnyama mkali aitwaye puma, Guevara anaona macho mawili gizani, anapiga risasi, na kumbe amemwua mbwa wa wenyeji wenyewe! Asubuhi hapana la kufanya ila kuondoka na aibu.

Huko Temuco, nchini Chile, gazeti linawaandika kuwa ni mabingwa wa ugonjwa wa ukoma wanaozunguka bara zima. Tangu hapo wanalitembeza gazeti hilo kama barua ya mfalme, wapate chakula na mahali pa kulala. Wana na ujanja mwingine: wakikaribishwa kinywaji, mmoja hukataa kwa adabu, akieleza kwa haya kwamba kwao mtu hanywi bila kula kitu. Mwenyeji mwema huleta chakula.

Nawaambia haya si kwa kumdharau. Nawaambia kwa sababu mwandishi mwenyewe hakuyaficha. Mtu akikuonyesha ujanja wake mdogo kwa hiari, waweza kumwamini kidogo zaidi akueleze jambo kubwa.

Tena angalieni jambo hili. Poderosa ilikufa Chile, haikufika mbali zaidi. Kuanzia hapo wakawa watu wa kuomba lifti kwenye malori, na mara moja walijificha ndani ya choo cha meli iliyokwenda Antofagasta. Walipogunduliwa, Guevara alipewa kazi ya kusafisha vyoo. Ni baada ya kufa kwa pikipiki ndipo kitabu kinapokuwa kizito. Mwenye pikipiki huwapita watu. Mwenye kwenda kwa miguu hukaa nao.

Na sura fupi ya mwisho, ile ya mtu wa ajabu anayezungumza naye usiku juu ya mapinduzi yajayo, iacheni mpaka mwisho. Ina sauti nyingine kabisa. Anayeanza nayo amekunywa dawa kabla ya kuugua.

4. KANUNI YA PILI: TENGA ALILOLIONA NA ALILOLIFIKIRI

Chukueni daftari, mpige mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andikeni alichokiona mwandishi kwa macho. Upande wa kulia andikeni alichokifikiri. Tujaribu kwa mifano miwili.

Mfano wa kwanza uko Valparaíso. Guevara anaitwa kumtazama mama mzee, mgonjwa wa pumu na wa moyo, ambaye alikuwa mtumishi mpaka mwezi mmoja nyuma. Chumba ni cha maskini, na hewa yake ni nzito. Daktari huyu ambaye hajahitimu anampa vidonge vichache alivyo navyo, akijua havitamponya. Hayo ni ya kushoto. Upande wa kulia twaona fikira zake: kwamba mbele ya mgonjwa kama huyu daktari hujiona hana nguvu, na kwamba katika nyumba ya maskini, mtu asiyeweza tena kuleta chochote huanza kuonekana mzigo hata kwa jamaa zake. Kumbukeni kwamba na yeye alikuwa na pumu. Alijua kwa kifua chake mwenyewe jinsi mama yule alivyotafuta pumzi.

Mfano wa pili uko karibu na machimbo makubwa ya shaba ya Chuquicamata, ambayo wakati huo yalikuwa mikononi mwa kampuni ya Marekani. Usiku wa baridi jangwani wanakutana na mume na mke. Mume ni mfanya kazi na mkomunisti. Amefungwa gerezani miezi mitatu, na sasa anatafuta kazi katika machimbo ya kiberiti milimani, mahali ambapo kazi ni mbaya hata mtu haulizwi ana siasa gani. Watoto wamewaacha kwa jirani. Hawana blanketi hata moja. Wasafiri wanawapa moja lao, na wao wawili wanajifunika lililobaki. Guevara anaandika kwamba usiku ule alisikia baridi kuliko karibu siku zote, lakini pia alijiona ndugu zaidi na watu hao waliokuwa wageni kwake.

Sisi tunaojua habari za shaba ya Katanga hatuhitaji maelezo marefu juu ya mambo haya. Lakini angalieni jinsi yalivyoandikwa. Kwanza blanketi, kisha fikira. Hakuanza na hotuba. Fikira imetoka katika baridi aliyoisikia yeye mwenyewe, na ndiyo maana inamgusa msomaji hata kama hakubaliani na siasa za mwandishi.

Mjini Lima ni vivyo hivyo. Wagonjwa wa ukoma waliwachangia fedha za njiani na kuwaaga kwa uchungu. Kwa nini? Kwa sababu wageni hawa walikuja bila glavu, wakawashika mikono, wakaketi kuzungumza nao na kucheza mpira pamoja nao.

5. KANUNI YA TATU: USIUKIMBIE UKURASA UNAOKUUMA

Sasa tufike kwenye ukurasa alioonyesha mwanafunzi wangu. Ni Caracas, Julai 1952. Guevara amekwisha timiza miaka 24. Anapita katika mitaa ya maskini, anawaona watu weusi na Wareno wakiishi jirani na kugombana. Hapo anaandika kwamba mtu mweusi ni mvivu na mwenye ndoto, ambaye hutumia visenti vyake kwa upuuzi na ulevi, hali mtu wa Ulaya ana desturi ya kufanya kazi na kuweka akiba.

Ndivyo alivyoandika. Mwanafunzi wangu alisoma maneno hayo peke yake usiku, akakifunga kitabu. Nani angemlaumu?

Wako watakaokwambia, "Yaruke, ni neno la ujana tu." Wako watakaokwambia, "Kitupe kitabu chote." Mimi nasema, chukua daftari lako lenye mstari katikati. Upande wa kushoto, aliona nini? Aliona watu maskini katika nyumba mbovu, kwa muda wa siku chache. Upande wa kulia, alifikiri nini? Alifikiri hukumu iliyokuwa imetiwa kichwani mwake kabla hajafika. Kati ya pande hizo mbili hapana daraja. Hatuambii aliketi na nani, wala alimwuliza nani juu ya kazi yake na mshahara wake. Katika Chuquicamata alilala katika baridi moja na watu, akawaona. Katika Lima aliwashika mikono, akawaona. Katika Caracas alipita na kamera mkononi, na aliyoyaandika hakuyapata mtaani; alikuja nayo.

Basi ukurasa huu ni mbaya, nao unatufundisha kuliko kurasa nyingi nzuri. Watufundisha kwamba mtu yule yule, katika safari ile ile, aweza kuwa na macho kwa maskini mmoja na upofu kwa mwingine. Tena kumbukeni kwamba aliyapanga upya maandishi yake aliporudi, na maneno hayo akayaacha yalivyo. Hatuwezi kusema yalimponyoka.

Na sisi tujiulize. Ni watu wa kabila gani, au wa mtaa gani, ambao tumekwisha wahukumu bila kuketi nao? Hapa kwetu swali hili si la mchezo. Hukumu za namna hiyo zimemwaga damu nyingi.

6. ZIWA LETU

Ukisimama ufukoni hapa Bujumbura jioni, waona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ukiufuata mfululizo wa milima hiyo kwenda kusini, wafika mahali ambapo Guevara mwenyewe alikuja kupiga kambi.

Mwezi wa Desemba 1964 alisimama katika Umoja wa Mataifa, akanena kwa ukali juu ya yaliyokuwa yakitendeka Kongo na juu ya ubaguzi wa rangi wa Afrika ya Kusini na wa Marekani. Mwezi wa Aprili 1965 alifika Dar es Salaam kwa siri, akasafiri mpaka Kigoma, akavuka ziwa usiku. Alikuja kuwasaidia wapiganaji waliojiita wafuasi wa Lumumba. Wakuba zaidi ya 100 walimfuata, wengi wao watu weusi. Walipewa majina kwa hesabu ya Kiswahili. Wa kwanza aliitwa Moja, wa pili Mbili, na Guevara, ili asijulikane, akaitwa Tatu. Kijana mmoja Mkongo alipewa kazi ya kumfasiria na kumfundisha Kiswahili.

Vita havikufanikiwa. Mwezi wa Novemba 1965 walirudi Kigoma kwa mashua. Akiwa amejificha Dar es Salaam, Guevara aliandika kitabu kingine kutokana na daftari lake la Kongo, na tangu mwanzo asema wazi kwamba ni habari ya kushindwa. Huko anawalaumu wengi, wenyeji na wenzake, na nafsi yake pia. Katika makosa yake anataja moja ambalo laihusu sehemu hii ya gazeti letu. Asema hakujifunza Kiswahili upesi wala kwa kina cha kutosha. Kwa kuwa alijua Kifaransa, aliweza kusema na wakubwa. Lakini watu wa kawaida wakabaki mbali naye, na yeye hakuwa na bidii ya kutosha kuushinda umbali huo.

Je, safari ya Kongo inafuta ukurasa wa Caracas? Hapana. Neno lililoandikwa limeandikwa, na aliyeumizwa nalo ana haki ya kuumia. Lakini tazameni ugonjwa ulivyo mmoja. Caracas hakuketi na watu, akawahukumu. Kongo hakuweza kusema na watu kwa lugha yao, akawa mbali nao. Tofauti ni kwamba mara ya pili aliliona kosa, akaliandika juu ya nafsi yake. Kati ya daftari la kwanza na la pili ni miaka 13. Msomaji anayefunga kitabu Caracas hajui hayo, na msomaji anayeanzia sifa za shujaa hayajui vile vile.

Na sisi tunaosoma masomo yetu kwa Kifaransa, tusije tukasahau onyo hilo. Lugha ya shuleni hutupeleka kwa wakubwa. Lugha ya sokoni, ya bandarini na ya kituo cha mabasi ndiyo hutuketisha na watu.

Nilimweleza mwanafunzi wangu haya yote. Hakusema kwamba amekubali, wala mimi sikumtaka aseme. Lakini alipoondoka, alikichukua kitabu tena.

KAZI YA KUFANYA

1. Soma ukurasa wa kwanza peke yake, kisha funga kitabu. Eleza kwa maneno yako kwa nini mwandishi asema kwamba aliyeandika maelezo na anayeyapanga si mtu mmoja.

2. Chagua sura moja kabla pikipiki haijafa na nyingine baada ya kufa kwake. Ni watu wangapi wanaozungumza katika kila moja?

3. Piga mstari katikati ya daftari, ufanye sura ya Chuquicamata na sura ya Caracas kama tulivyoonyesha. Wapi pana daraja kati ya kuona na kufikiri, na wapi hapana?

4. Likizo inakuja. Andika daftari lako mwenyewe kwa siku saba, hata kama safari yako ni ya kwenda kwa bibi tu. Kila siku andika jambo moja ulilofanya usilopenda watu wengine walijue, wala usilifute.

5. Baada ya mwezi mmoja lisome tena daftari hilo. Je, aliyeliandika ni wewe?